Aliizima, Hakuiwasha Upya

Mtaani walimwita Bi Subiri, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mteja akiingia dukani na laptopu kwapani, jasho linamtiririka, anataka itengenezwe kabla hajavuta kiti, mama huyo aliinua kiganja bila kuondoa macho kwenye kioo alichokuwa akikitazama na kusema, "Subiri." Hakusema kwa ukali wala kwa kiburi. Miaka mingi ya kukodolea mashine zinazomwambia yeye asubiri ilimfundisha kulirudisha neno hilo kwa wengine, na wateja walimcheka, wakakaa, wakasubiri.

Mumewe naye walimwita Risasi. Wageni waliosikia jina hilo mara ya kwanza walimpisha njia wakidhani ni mtu wa kutisha. Kumbe jina lilitokana na ule waya laini wa risasi aliouyeyusha kwa pasi ya kuchomea, kuunganisha vitu vidogo ambavyo mimi na wewe tungevipangusa tukidhani ni vumbi. Mwenyewe alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu, na ulimi wake ulikuwa umepakwa asali. Huo ulimi ukumbukeni, tutakutana nao mbele.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Nyuma yake waliishi wenyewe, na mama mkwe katika chumba cha pembeni. Katikati ya duka palikuwa na meza mbili zilizosukumwa mpaka zikagusana, na juu ya ule mwanya walibandika utepe wa njano. Upande wa Risasi ulikuwa na hadubini, pasi ya kuchomea, na vikopo vya skrubu ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvipanga. Upande wa Bi Subiri ulikuwa na nyaya, flashi, feni ndogo, na kikombe cha chai ambacho kilipoa kila siku kabla hajakifikia.

Utepe ule uliwekwa mwaka wa kwanza wa ndoa, baada ya ugomvi ambao mpaka leo mama mkwe huusimulia kwa kushusha sauti. Risasi aligusa mashine ya mkewe ili amsaidie kidogo, na katika kusaidia huko akafuta picha zote za harusi ya mteja. Tangu hapo wakakubaliana: chini kwa mume, juu kwa mke. Chini maana yake ubao wa saketi ulio ndani ya mashine, chipu na bayosi, ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu na kuamka kabla ya kitu kingine chochote pale unapobonyeza kitufe. Juu maana yake mfumo, yaani yote unayoyaona kwenye kioo mashine ikishawaka. Mashine ilianza upande mmoja, ikavuka utepe, ikamalizikia upande wa pili, lakini mkono wa mtu haukuvuka. Watu wakawasifu sana, wakasema ndoa nyingi zingepona kwa utepe wa namna hiyo. Walisema upuuzi. Maradhi mengine hukaa palepale chini ya utepe, pasipo pa huyu wala pa yule, na pale hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kutazama.

Sasa akaja Mkuu wa chuo cha ualimu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na nyuma yake vijana wawili walibeba maboksi ya laptopu. Zilikuwa mashine za chumba cha mtihani. Fundi wao wa zamani alikuwa ameondoka kwa hasira, na kabla ya kuondoka akazifunga zote kwa nywila ya kule chini kabisa, kwenye bayosi, kisha akaapa kwamba ameisahau. Mkuu alitaka zifunguliwe, ziwekewe mfumo mpya na programu ya mtihani, ziwe tayari kabla ya wanachuo kufanya mtihani wao wa mwisho.

Akiwa bado pale dukani, aliingia bibi mmoja mstaafu aliyekuwa akihangaika na barua pepe zake, na Bi Subiri akamwelekeza polepole, akamrudisha nyuma, akamwacha akosee, akamwacha ajisahihishe mwenyewe, mpaka bibi akatoka anacheka. Mkuu alitazama yote hayo. Alipokuwa anaondoka alimwita Bi Subiri kando, akamwambia kwamba chuo kinatafuta mtu wa kuwafundisha walimu wanafunzi kutunza kompyuta, na kwamba amemtafuta mtu huyo muda mrefu.

"Nimtakaye ni wewe," alisema Mkuu. "Mitihani hii ipite salama, uje tuzungumze."

Jamani, nitawaelezaje? Mama huyu tangu utotoni alikuwa akipanga makopo ukutani na kuyafundisha kusoma. Alitaka kuwa mwalimu kama wengine wanavyotaka maji. Mambo ya dunia yakampitisha njia nyingine, akaolewa na fundi, akajifunza kazi ya mumewe, akaipenda kweli, lakini lile la kusimama mbele ya darasa halikumtoka rohoni. Siku ile alirudi mezani, akanywa chai yake ikiwa bado moto, na Risasi akamwuliza kama anaumwa. Alipomweleza, mumewe alimpongeza, akamtania kwamba sasa itabidi aanze kumwamkia kila asubuhi kama mwanafunzi. Mama mkwe alisikia vicheko akatoka chumbani kuja kuuliza nani kapata mtoto.

Kazi ikaanza. Risasi alichukua mashine moja moja, akafungua tumbo lake, akabana chipu kwa kibanio chake chenye waya, akaifuta ile bayosi iliyofungwa na kuandika nyingine mahali pake. Kisha akaisukuma ng'ambo ya utepe. Bi Subiri akaweka mfumo, akaweka programu ya mtihani, akajaribu. Na hapo ndipo alipoona jambo.

Naomba mnivumilie kidogo, maana kisa chote kinaning'inia hapa. Kuzima laptopu kisha kuiwasha si sawa na kuiambia ijiwashe upya, hata kama kwa macho ni kitu kimoja. Ukiizima, mfumo wa siku hizi haufi, unalala tu. Unaacha kumbukumbu ya ulivyokuwa, na ukibonyeza kitufe bayosi inapita njia ya mkato na kuuamsha. Lakini ukiiambia ijiwashe upya, kila kitu kinaanza mwanzo kabisa. Bayosi inaita majina ya watu wa nyumba yake kama mwalimu asubuhi. Kibodi yupo, diski yupo, kamera yupo. Asipoitika mmoja, inaita tena, inangoja, inaita tena, na mfumo nao umekaa pembeni unaingoja bayosi imalize. Huku nje wewe unatazama kioo cheusi.

Mashine za chuo zilikuwa hivyo. Ukizizima na kuziwasha, zilikuwa nyepesi kupita kiasi. Ukiziwasha upya, zilikaa gizani muda ambao mtu angeweza kwenda sokoni, akapatana bei, na kurudi. Bi Subiri alimwambia mumewe atazame chini, huenda kuna kitu bayosi inakitafuta. Risasi hakuinua hata kichwa kwenye hadubini. Alisema chini ni safi, amekagua, na mfumo mpya siku zote huwa mzito mwanzoni, utakaa sawa. Mkewe akamwamini. Mnamlaumu? Mtu ameishi naye, amekula naye, kila siku anamwambia chini ni safi na kila siku inakuwa safi. Angeanzia wapi kutomwamini?

Siku ya mtihani ikafika. Ile programu ilikuwa na desturi yake: mwanafunzi mmoja akimaliza, mashine inajiwasha upya yenyewe ili kufuta majibu kabla ya mwingine kuketi. Kundi la kwanza lilimaliza vizuri. Kundi la pili likaketi mbele ya vioo vyeusi. Saa ya ukutani ikatembea, wasimamizi wakaanza kukimbizana, binti mmoja akalia kwa sauti, na mashine zilipokuja kuwaka, muda wa mtihani ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu. Mtihani ukafutwa. Wanachuo wakaambiwa warudi siku nyingine, na wengine walikuwa wametoka mbali.

Mkuu akawaita mafundi wote wawili ofisini kwake. Bi Subiri alikwenda akiwa na moyo mzito, lakini alikuwa na jibu moja tu kichwani, kwamba wamekosea na watatafuta pamoja. Hakulitoa. Mkuu aliuliza kosa liko wapi, na Risasi akawahi. Kwa ile sauti yake ya asali akaeleza kwamba mashine zina upande wa chini na upande wa juu, kwamba yeye hushughulika na chini na chini ni salama, na kwamba tatizo liko juu.

"Na juu ni kwa nani?" Mkuu aliuliza.

Risasi alitazama mikono yake. "Ni kwa mke wangu. Lakini tutamsaidia."

Tutamsaidia. Akina nani hao? Bi Subiri alisikia masikio yakiwaka moto, ila kwa wakati ule alidhani ni kweli. Aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua. Mkuu hakumfokea, na kumbe kufokewa kungekuwa nafuu. Alimwambia tu kwamba lile jambo lao la kufundisha waliache kwanza, mpaka mashine zipone na watu wasahau.

Wakazirudisha mashine dukani, na Bi Subiri akajifungia nazo. Aliondoa mfumo akauweka tena. Akajaribu ule wa zamani. Alibandua masasisho moja baada ya lingine. Macho yalimvimba, mgongo ukamkataa, na kioo kikaendelea kumtazama kikiwa cheusi. Risasi alimletea chai, akamkanda mabega, akamwambia asijitese sana, kila fundi huanguka. Alikuwa mume mwema kweli siku zile. Mwema kuliko kawaida yake, na hilo nalo lingefaa kumshtua.

Mchana mmoja mama mkwe alikuja kukaa kwenye kigoda kando yake. Bibi huyu alimpenda mkwewe, tena bila kuficha, na alikuja kwa nia njema.

"Mwanangu," alimwambia, "usisononeke. Mume wako amenieleza yote. Amesema bado unajifunza, na yeye amekufunika mbele ya wakubwa. Kubali tu, yaishe."

Bi Subiri aliacha kuandika. Bado unajifunza. Alikuwa amewafundisha nusu ya mafundi wa mtaa ule kuweka mfumo. Alitaka kucheka, akashindwa. Akamwuliza mama mkwe, kwa adabu, mume wake alisema hayo lini, na bibi akajibu kwamba ni siku nyingi, hata kabla ya mtihani, kwamba mwanawe alikuwa na wasiwasi na zile mashine tangu mwanzo. Kisha bibi akamshika goti, akanyanyuka kwenda kuanua nguo.

Kabla ya mtihani. Wasiwasi tangu mwanzo. Bi Subiri alijiambia kwamba wazee huchanganya siku, akalitupa neno lile pembeni. Lakini halikutupika.

Zikaja siku za Mkuu kutaka kuona hali ilivyo. Risasi alisema amepata dawa ya muda, akachukua mashine moja na wote wawili wakaenda chuoni. Ofisini aliiweka mezani, akaifungua kwa madaha, akaizima. Akakunja mikono kifuani. Akabonyeza kitufe, na mashine ikawaka upesi kama taa. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Sasa naomba uiwashe upya, Fundi. Vile programu ya mtihani inavyofanya."

"Ni kitu kilekile, Mkuu," Risasi alijibu, akitabasamu. "Kuzima na kuwasha, au kuwasha upya, njia ni moja."

Bi Subiri alikuwa ameketi nyuma yake, mkoba umelala mapajani. Unajua ni nani aliyemfundisha tofauti ya mambo hayo mawili? Ni huyuhuyu. Enzi za uchumba, wakati hajui hata diski inafananaje, Risasi alimweka mbele ya laptopu mbovu na kumweleza kwa majivuno yote ya kijana anayetaka kuonekana msomi, kwamba anayezima amelaza na anayewasha upya ameamsha nyumba nzima, na kwamba fundi asiyejua tofauti hiyo arudi kulima. Alicheka siku ile mpaka machozi. Na leo mtu huyohuyo anasema njia ni moja. Mtu anayeiamini dawa yake angeiwasha upya bila kufikiri, kama kila fundi anavyofanya. Anayeikwepa ni yule tu anayejua kitakachotokea.

Alikuwa anajua. Wasiwasi tangu mwanzo, mama mkwe alisema. Alikuwa anajua muda wote, alipokuwa akimkanda mabega na kumletea chai.

Njiani kurudi Risasi aliongea kwa wote wawili. Walipofika, mume alitoka tena kwenda kununua skrubu. Bi Subiri alisimama mbele ya utepe wa njano akautazama. Kisha akavuka. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, kilichokuwa kimebonyea kwa umbo la mumewe, akachukua kibanio, akafungua moja ya mashine za chuo na kubana chipu. Hakuhitaji ustadi mkubwa kusoma kilichoandikwa mle. Bayosi ile ilijitaja jina, na jina halikuwa la mashine zile. Lilikuwa la binamu zao, mashine zinazofanana nazo kila kitu isipokuwa kimoja: zile zilikuwa na kisoma alama za vidole, hizi hazikuwa nacho. Kazi ya kunakili bayosi ya kila mashine, kuisafisha nywila na kuirudisha mahali pake ni ndefu na inachosha. Risasi alikuwa na nakala ya binamu kwenye droo. Akaipaka mashine zote, basi. Na tangu siku hiyo kila mashine ilipoita majina, ilimwita mtu ambaye hakuzaliwa katika nyumba ile, ikamngoja.

Risasi alirudi akamkuta amekaa kwenye kiti chake. Aliona kibanio, akaona kioo, mfuko wa skrubu ukamlegea mkononi.

"Ulijua," alisema Bi Subiri.

Risasi akavuta kiti cha mkewe, cha upande wa juu, akakikalia. "Tangu ile ya kwanza," alisema. "Nilidhani mfumo utazoea."

"Na ofisini kwa Mkuu je?"

"Wewe wangekusamehe. Mimi wasingenisamehe. Kibao cha nje kina jina langu."

Alilia, Risasi. Nasema haki ya mtu, alilia machozi ya kweli. Akasema aliona aibu, akasema uwongo mdogo ulizaa mkubwa, akasema alipomwona mkewe anaitwa mwalimu moyo ulimwuma kidogo, hajui kwa nini. Mkewe alisikiliza yote. Alikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, lakini kulikuwa na wanachuo wanaongoja mtihani, na hasira ikasubiri zamu yake. Alipakua bayosi sahihi kutoka kwa watengenezaji, akaandika chipu zote kwa mkono wake mwenyewe, upande wa mumewe, kwenye kiti cha mumewe. Risasi alifungua skrubu na kuzifunga. Kila mashine iliyokamilika aliiwasha upya, na kila moja ikaamka papo hapo, ikaita majina yake, wote wakaitika.

Risasi akaahidi kwamba atazipeleka chuoni na kumweleza Mkuu ukweli wote kwa kinywa chake. Bi Subiri alitaka waende wote. Mume akamsihi.

"Niache nikadhalilike peke yangu," alisema. "Usiwepo kunitazama."

Naye akakubali. Hapa ndipo ninapomkasirikia hata mimi, lakini ungefanyaje? Alimstahi mumewe. Alimwachia hata ile haki ya kuaibika faraghani. Risasi akaondoka na maboksi, akarudi jioni, akasema, "Nimemwambia." Uso wake ulikuwa mwepesi, na mkewe akadhani ni wepesi wa mtu aliyetua mzigo. Siku ile walikula pamoja, na mama mkwe akafurahi kusikia sauti zao.

Mtihani ukafanyika, ukapita salama. Bi Subiri akangoja simu. Yeye, mwenye jina lile, akangoja bila kumwambia mtu. Aliipiga pasi blauzi yake nyeupe akaitundika nyuma ya mlango. Simu ikaja asubuhi moja Risasi akiwa ametoka, na sauti ya Mkuu ilikuwa ya uchangamfu ambao hakuwahi kuusikia kwake.

Alipiga kumshukuru. Alisema familia yao imekiokoa chuo. Alisema siku ile mumewe alipoleta mashine, aliziwasha upya mbele yake zote, moja baada ya nyingine, bila hata kuombwa, na zote zikawaka palepale.

"Ametueleza jinsi alivyokesha kurekebisha yale makosa yako, wala hakukusema vibaya hata kidogo," alisema Mkuu. "Una bahati, Bi Subiri. Wanaume wavumilivu kama huyo ni wachache. Tumempa yeye lile darasa. Leo amekuja kuchukua ufunguo."

Bi Subiri alishika ukingo wa meza. Ukingo wa meza yake, ya juu.

"Mkuu," alisema, na sauti yake ilitoka taratibu mno, "zile chipu niliziandika mimi. Kosa lilikuwa lake. Alikuja kukwambia hivyo."

Mkuu aliposema tena, ule uchangamfu ulikuwa umeshaondoka, na alichagua maneno kama mtu anayepita kwenye tope na viatu vipya. "Mama, mimi mambo ya mke na mume siyaingilii. Yazungumzeni nyumbani." Akaaga kwa adabu, akakata.

Yazungumzeni nyumbani. Lakini nyumbani palikuwa na nini cha kuzungumza? Mara ya kwanza Risasi alimsaliti kwa woga, na woga mtu unaweza kuuelewa, hata ukiuchukia. Mara ya pili hakuwa na woga wowote. Alichukua kazi ya mikono yake, akaibeba ndani ya maboksi, na kwa kazi hiyohiyo akamnyang'anya darasa. Alikuwa na njia nzima, kutoka dukani mpaka chuoni, ya kubadili mawazo. Bi Subiri alikaa chini. Alilia kidogo, akanawa uso, akampigia kaka yake mwenye pikapu, akamwomba aje na kamba.

Kisha akaanza kubandua utepe. Gundi ilikuwa imezeeka, ukatoka vipande vipande na kuacha alama. Alikuwa amesahau kwamba zile ni meza mbili. Alipoisukuma yake, ilijitenga bila shida, na chini ya mwanya pakaonekana vumbi la miaka yote ya ndoa na skrubu moja yenye kutu. Mama mkwe, aliyekuwa ameyasikia maneno ya mkwewe kwenye simu, alitoka na kusimama mlangoni, akaangalia uso wake. Aliinama tu akaanza kukunja nyaya.

Risasi alirudi wakati pikapu imeshaegeshwa na kaka yuko nyuma yake anafungua kamba. Alikuwa na ufunguo wa chuo umening'inia shingoni kwa utepe, anapiga mluzi. Alimkuta mkewe anavuta meza peke yake kuelekea mlangoni, na kwa mazoea ya miaka yote, maana kila usafi mkubwa walikuwa wakiihamisha wote wawili, alikimbia akashika upande wa pili na kuinua. Wakaibeba hivyo, yeye akirudi nyuma, mkewe akimfuata, mpaka kizingitini.

"Tunaipeleka wapi?" aliuliza, akihema.

"Hii inakwenda kwa kaka. Ile yako inabaki."

Risasi alicheka kidogo, kisha akaona pikapu, akaona kamba, akamwona mama yake amekumbatia nyaya na kumtazama kama mtu asiyemjua. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Nitakueleza, mke wangu. Ilitokea tu pale pale, Mkuu aliuliza vibaya, nikajikuta..."

"Swali moja," alisema Bi Subiri. Alikuwa bado ameinua upande wake, na hakuonekana kuchoka. "Mara ile ya kwanza mbele ya Mkuu, uliizima ukaiwasha. Mara hii uliziwasha upya, zote, bila kuombwa. Ulizionaje salama? Ulijuaje kwamba hazitakuaibisha?"

Ile asali yote haikumfaa Risasi kitu. Jibu lilikuwa moja tu, na wote watatu pale mlangoni walilijua: kwa sababu aliyezitengeneza alikuwa mkewe, na kazi ya mkewe aliiamini.

"Subiri," alisema mwishowe. "Tafadhali, subiri kidogo."

"Shusha upande wako," alimwambia. "Kaka atashika."

Akaushusha.